Kupiga Chapa Hati ya Kikundi kwa Kompyuta



Katika mashamba ya makazi ya hapa Timau, kazi nyingi hufanywa kwa kikundi: kuleta maji ya mfereji, kuuza viazi, kukodi mashine ya kuvuna ngano na shayiri. Kazi ya kikundi haiendi bila hati. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na kiwe na katiba iliyoandikwa. Siku hizi katiba na kumbukumbu za mikutano huandikwa kwa kompyuta, kisha hupigwa chapa kwenye saiba. Somo letu la mwezi huu ni juu ya hatua hiyo ya mwisho, maana hapo ndipo kazi nzuri huweza kuharibika.

KWA NINI MAANDISHI HUHAMA

Hati iliyoandikwa Timau ikifunguliwa katika kompyuta ya Nanyuki, yaweza kugeuka umbo. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni aina ya herufi. Ikiwa kompyuta ya pili haina herufi za aina uliyotumia, hutia nyingine badala yake. Hizo zikiwa nene zaidi, mistari huongezeka.

Ya pili ni kipimo cha karatasi. Sisi hutumia karatasi ya A4, upana wake milimita 210 na urefu milimita 297. Karatasi ya barua ya Marekani ni milimita 216 kwa 279. Kama programu imewekwa kipimo cha Marekani, ukurasa umepungua urefu kwa milimita 18. Nafasi hiyo ni kama mistari mitatu.

Mistari mitatu ni kitu gani? Tuseme katiba yenu ina kurasa 3, na mahali pa kutia sahihi ni chini ya ukurasa wa tatu. Mistari ikisukumwa, mahali pale huangukia ukurasa wa 4, peke yake. Wanachama 12 wakitia sahihi katika karatasi isiyo na neno jingine, mtu mwenye nia mbaya aweza kuiunga na maneno mengine, labda ya mkopo au ya kuuza mali ya kikundi. Basi shikeni neno hili: sahihi isikae kamwe katika ukurasa mtupu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kabla ya kutoka kwenye kompyuta mliyoandikia, wekeni kipimo cha karatasi kuwa A4. Tieni nambari kila ukurasa kwa namna hii: ukurasa 1 wa 3, ukurasa 2 wa 3. Karatasi ikipotea au ikiongezwa, itajulikana mara moja.

2. Hifadhini hati mara mbili: mara moja katika umbo la kawaida, ili iweze kusahihishwa baadaye, na mara ya pili katika umbo la PDF. Umbo la PDF hushika kurasa kama zilivyo, na kwa kawaida huchukua aina ya herufi ndani yake, hata ikifunguliwa kwingine. Peleka PDF kwenye saiba.

3. Hati ikifunguliwa, bonyeza pamoja kitufe cha Ctrl na kitufe cha herufi P. Katika programu za Microsoft Word na LibreOffice, njia hii ni moja. Utaona picha ya ukurasa kama utakavyotoka. Usikubali kuharakishwa hapo. Tazama kila ukurasa, hesabu zote, angalia sahihi ziko wapi.

4. Angalia kama kipimo ni A4 hata hapo, na kama jina la printa ni la ile iliyo mbele yako.

5. Piga chapa nakala moja tu. Mkulima hulijaribu bomba la kupulizia kwa maji matupu kabla ya kutia dawa. Nakala ya kwanza ni maji matupu. Isome yote kwa sauti, pamoja na mwenzako.

6. Ikiwa ni sawa, wanachama watie sahihi katika nakala hiyo, kisha itolewe kopi za kuwatosha. Nakala yenye sahihi za wino iwekwe na katibu katika faili.

7. Mwambie mwenye saiba aifute hati yenu katika kompyuta yake, nawe ushuhudie. Ndani yake mna majina na nambari za vitambulisho vya watu.

HESABU KIDOGO

Tuseme bei ni shilingi 10 kwa ukurasa. Nakala 14 za kurasa 3 ni kurasa 42, yaani shilingi 420. Ukianza kwa kupiga zote 14, kisha ukaona ukurasa wa 4 umezuka, umelipa shilingi 560 na hati haifai. Ukianza na nakala moja, hasara ni shilingi 40 tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini sahihi isikae peke yake katika ukurasa?
2. Nambari za kurasa zalinda nini?
3. Kikundi chenu kina hati zipi katika faili? Je, kila moja ina kurasa zake zote?

Swali la tatu halijibiwi kwa kichwa. Katika mkutano ujao, mwambieni katibu alete faili, mhesabu kurasa pamoja.