Kuongeza Manyoya Katika Mfarishi: Namna Hewa Iliyotulia Inavyohifadhi Joto

Mtu anayepanda Mlima Kilimanjaro hupita katika hali za hewa za namna nyingi kwa muda wa siku chache tu. Mji wa Moshi upo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha Kibo, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hupumzika kabla ya kukabili kilele, kipo karibu mita 4,700. Kwa wastani hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Kwa hiyo tofauti ya mita 3,900 huleta tofauti ya nyuzi 25 hivi. Usiku ambao mkazi wa Moshi hujifunika shuka moja katika nyuzi 18, mpagazi aliyelala hemani karibu na Kibo huweza kuwa katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri.

Baridi ya namna hiyo si jambo la kukosesha usingizi tu. Halijoto ya ndani ya mwili wa binadamu ikishuka chini ya nyuzi 35, fahamu huanza kuvurugika, viungo hulegea, na mtu asipopatiwa joto huweza kufa. Wageni wengi huja na vifaa vya kulalia vya bei kubwa. Mpagazi, kwa upande wake, mara nyingi hutumia kifaa kikuukuu alichoachiwa na mgeni au alichonunua katika soko la mitumba, ambacho kimekwisha kunywea. Je, kifaa hicho kinaweza kuongezewa uwezo nyumbani kwa sindano, uzi na mizani? Jibu ni kwamba kinaweza, mradi kwanza kipimwe na kuonekana kwamba kina nafasi ya kupokea nyongeza. Makala haya yanaeleza sababu ya sharti hilo na namna ya kuifanya kazi yenyewe.

Joto la mwili hupoteaje?

Mtu aliyelala hutoa joto la kiasi cha wati 70 hadi 80, yaani karibu sawa na taa moja ya umeme ya aina ya zamani. Joto hilo hutoka mwilini kwa kupita katika vitu vinavyogusana na ngozi, kwa kuchukuliwa na hewa inayozunguka, kwa mnururisho, na kwa mvuke wa maji unaotoka katika ngozi na pumzi. Kazi ya blanketi au mfarishi si kutengeneza joto, bali ni kuchelewesha safari ya joto ambalo mwili umekwisha kulitengeneza.

Kihami joto kilicho rahisi kupatikana kuliko vyote ni hewa. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila uzi mmoja wa Sentigredi, upitishaji joto wa hewa ni 0.025 hivi, wa maji ni 0.6, na wa chuma ni kiasi cha 80. Lakini hewa ina kasoro moja: haitulii. Ikipata joto hupanda, na ya baridi hushuka kuchukua mahali pake, na kwa mzunguko huo joto huchukuliwa upesi. Ili hewa ifae kuwa kihami, haina budi kugawanywa katika vijishimo vidogo sana hata isiweze kuzunguka.

Watu wa pwani waliojaza mito na magodoro kwa sufi waliitumia kanuni hiyo. Mto wa sufi ulioanikwa juani ukatuna huwa na joto kuliko ule ulioshindiliwa, ingawa uzito wa sufi ni ule ule. Kilichozidi ni hewa.

Manyoya laini na uwezo wake wa kutuna

Bata na bata bukini wana manyoya ya namna mbili. Ya nje yana uti mgumu wa katikati, nayo humkinga ndege na upepo na maji. Chini yake kuna manyoya laini yasiyo na uti, ambayo nyuzi zake nyembamba huchipuka kutoka sehemu moja na kutawanyika pande zote. Nyuzi hizo husukumana bila ya kushikamana, hivyo gramu chache huweza kujaza nafasi kubwa. Zikikandamizwa hulala, na zikiachwa huinuka tena.

Sifa hiyo ilithibitika mapema katika upandaji wa milima. Mwaka 1922 mwanakemia George Finch alikwenda Mlima Everest akiwa na koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha kutengenezea puto, lililojazwa manyoya laini ya bata wa bahari wa nchi za kaskazini. Akiwa na mwenzake Geoffrey Bruce, alifika zaidi ya mita 8,300.

Ubora wa manyoya laini hupimwa kwa ujazo yanaoweza kuuchukua yanapoachwa yatune chini ya uzito mdogo maalumu. Katika biashara kipimo hicho huandikwa kwa inchi za ujazo kwa kila aunsi, na kwa kawaida tarakimu huwa 600, 700 au 800. Kila 100 ya kipimo hicho ni sawa na sentimeta za ujazo 58 hivi kwa gramu moja. Kwa hiyo gramu moja ya manyoya ya 600 hujaza sentimeta za ujazo 350 hivi, na ya 800 hujaza 460 hivi.

Kuukagua mfarishi

Mfarishi wa kambini ni vitambaa viwili vyepesi vilivyoshonwa pamoja na kugawanywa katika vyumba, kila chumba kikiwa na manyoya yake. Tofauti yake na mfuko wa kulalia ni kwamba hauna sehemu ya mgongoni. Hilo si upungufu. Manyoya yaliyolaliwa hupoteza hewa yake na kuwa kama kitambaa kitupu, hivyo kinga ya upande wa chini ni kazi ya godoro jembamba la sponji. Mtu anayelala juu ya ardhi ya baridi bila ya godoro hatasaidiwa na nyongeza yoyote ya manyoya upande wa juu.

Ujenzi wa vyumba ni wa namna mbili. Katika namna ya kwanza, kitambaa cha juu na cha chini hushonwa moja kwa moja. Kwenye mistari ya mshono unene huwa karibu na sifuri, na joto hutorokea hapo. Katika namna ya pili, kati ya vitambaa hivyo huwekwa kuta fupi za kitambaa cha wavu, na unene huendelea bila ya kukatika. Nyongeza huleta faida kubwa zaidi katika namna hii ya pili, kwa sababu katika ile ya kwanza haiwezi kuziba njia ya mshono.

Kabla ya kufungua uzi wowote, mfarishi utandazwe na kupigwapigwa taratibu, kisha uachwe saa kadhaa mahali pakavu. Baadaye unyanyuliwe kuelekea mwanga wa dirisha. Mahali panapopitisha mwanga mwingi manyoya yamepungua au yamehama. Kama yamehama tu, yarudishwe kwa kusukumwa kwa viganja. Kama ni machafu na yameshikamana, mfarishi uoshwe kwanza. Mara nyingi mfarishi uliodhaniwa kuwa na upungufu hurudi katika hali yake baada ya kuoshwa na kukaushwa vizuri.

Hesabu ya nyongeza

Tuseme mfarishi una vyumba 10, kila kimoja chenye urefu wa sentimeta 140, upana wa sentimeta 20, na kuta zenye kimo cha sentimeta 5. Ujazo wa chumba kimoja ni:

140 × 20 × 5 = sentimeta za ujazo 14,000.

Kama manyoya ni ya kipimo cha 800, chumba huhitaji gramu 14,000 ÷ 460, yaani gramu 30.4 hivi. Ikiwa kila chumba kina gramu 25 tu, manyoya hayo hutuna hadi sentimeta za ujazo 11,500, na unene huwa sentimeta 4.1 badala ya 5.

Joto linalopita katika kihami hupungua kwa kadiri unene unavyozidi. Kwa hiyo gramu 5.4 za kwanza, zinazoufikisha unene kwenye sentimeta 5, hupunguza joto linalopotea katika chumba hicho kwa karibu sehemu moja katika tano. Hiyo ni faida kubwa kwa uzito mdogo.

Baada ya hapo hali hubadilika. Chumba kimekwisha kujaa, na ingawa kitambaa hutuna kidogo katikati, kuta haziruhusu unene kuzidi sana. Hata hivyo ni desturi nzuri kuongeza robo zaidi, yaani hadi gramu 38 kwa chumba. Nyongeza hii huyazuia manyoya kuhama na kuacha mapengo, na hufidia upungufu unaoletwa na unyevu na uchakavu. Jumla ya nyongeza basi ni gramu 13 kwa chumba, au gramu 130 kwa mfarishi mzima.

Kupita kiasi hicho si busara. Manyoya yaliyoshindiliwa hubanwa yasitune. Uzito na gharama huongezeka lakini unene haubadiliki. Kosa la wengi liko hapa: hudhani kwamba joto hutokana na wingi wa manyoya, kumbe hutokana na wingi wa hewa iliyozuiwa. Mtu mwenye manyoya machache ayatie katika vyumba vya kifuani na miguuni kwanza.

Mahali pa kupata manyoya

Katika masoko ya mitumba hupatikana makoti ya nchi za baridi yaliyojazwa manyoya. Kibandiko cha ndani huonyesha sehemu ya manyoya laini na sehemu ya manyoya yenye uti. Koti lenye manyoya laini asilimia 80 au zaidi lafaa. Lililojazwa nyuzi za poliesta lisichanganywe. Manyoya ya bata wa kufugwa huweza kutumika baada ya kuoshwa vizuri kuondoa mafuta na uchafu na kukaushwa kabisa, lakini bata wa nchi za joto hawana manyoya laini mengi, na kuyachambua ni kazi ya muda mrefu.

Kazi yenyewe

Manyoya laini huruka kwa pumzi tu. Kazi ifanywe katika chumba kisicho na upepo, na ni vyema kuketi ndani ya chandarua ili yanayotoroka yasisambae nyumba nzima. Pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa, kwani vumbi la manyoya huweza kuwaletea baadhi ya watu ugonjwa wa mapafu. Hewa ikiwa kavu sana, manyoya hushika mikono na plastiki kwa sababu ya umeme tuli. Kitambaa chenye unyevu kikitundikwa karibu hupunguza usumbufu huo.

Kwanza, kila chumba kipewe namba, na kiasi cha nyongeza yake kiandikwe. Pili, mshono wa ukingoni mwa chumba kimoja ufumuliwe kwa urefu wa sentimeta 6 au 7. Vyumba visifunguliwe vyote kwa pamoja. Tatu, mfuko mtupu upimwe kwa mizani inayoonyesha gramu moja moja, kisha manyoya yatiwe humo hadi kufikia kiasi kilichokusudiwa. Nne, bomba la karatasi ngumu liingizwe katika tundu, na manyoya yasukumwe taratibu kwa kijiti butu. Tano, tundu lifungwe kwa pini na kushonwa kwa sindano nyembamba na uzi wa poliesta, kwa mishono midogo inayorudi nyuma. Sindano nene huacha matundu ambayo manyoya yatatokea.

Chumba kikishafungwa, manyoya yatawanywe kwa kupigapiga kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mwishoni mfarishi mzima upimwe uzito na unene, na tarakimu zilinganishwe na za mwanzo. Kama uzito umeongezeka na unene haukuongezeka, vyumba vilikuwa vimejaa tangu awali.

Unyevu ni adui mkubwa

Manyoya yaliyolowa hushikamana, na mahali pa hewa huchukuliwa na maji, ambayo hupitisha joto mara 24 kuliko hewa. Hata bila ya mvua, mvuke unaotoka mwilini hupenya ndani ya mfarishi na huweza kugeuka maji karibu na kitambaa cha nje kilicho baridi. Kwa hiyo mfarishi uanikwe kila asubuhi jua linapotoka, na mtu asijifunike akiwa na nguo zilizolowa. Wakati wa kuosha itumike sabuni isiyo kali, ili mafuta ya asili ya manyoya yasiondoke. Ukaushaji huweza kuchukua siku mbili au tatu, na mabonge yavunjwe kwa vidole mara kwa mara. Baada ya safari mfarishi utunzwe ukiwa umelegea katika mfuko mkubwa, si kushindiliwa mwezi baada ya mwezi.

Jaribio kwa wanafunzi

Chukua mikebe mitatu iliyo sawa na uijaze maji ya moto kwa kiasi kilicho sawa. Mmoja uachwe wazi. Wa pili ufunikwe kwa mfuko wa kitambaa wenye gramu 20 za sufi iliyochambuliwa ikatuna. Wa tatu ufunikwe kwa mfuko wenye gramu 20 za sufi iliyofungwa kwa kamba hadi ikabanana. Halijoto ya maji ipimwe kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja, na matokeo yachorwe katika grafu. Uzito wa sufi katika mikebe miwili ya mwisho ni sawa. Tofauti itakayoonekana kati yake imeletwa na hewa.

Hitimisho

Kuongeza manyoya katika mfarishi ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa fundi cherehani yeyote na wa mpagazi yeyote mwenye subira. Kinachotakiwa ni kupima kabla ya kushona: ujazo wa chumba, uzito uliomo, na uwezo wa manyoya wa kutuna. Mfarishi ulionywea hupata faida kubwa kwa gramu chache. Uliojaa hauhitaji kitu, na aliye nao akisikia baridi achunguze kwanza godoro lililo chini yake na ukavu wa nguo alizovaa.