TUISOME NEMBO YA TAIFA

Sisi wa Kidete tukifika ofisi za serikali huko Kilosa, huiona Nembo ya Taifa. Leo tuisome.

Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Katikati yao ipo ngao. Miguuni mwa bwana pana mkarafuu, miguuni mwa bibi pana mpamba. Ndani ya ngao mna mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe. Chini pameandikwa: Uhuru na Umoja.

Jembe hilo ni letu wakulima. Basi tusiiogope nembo! Karatasi yenye nembo ikiletwa nyumbani, tusikimbilie kutia dole gumba. Hata tapeli aweza kuichapa. Kwanza tusome maneno yote, tuulize, ndipo tutie sahihi.

Zoezi: Andika maneno matatu ya nembo.