Vipimo vya Nafaka: Kugeuza Debe Kuwa Lita

Mkulima wa Igalula, kabla hujauza mpunga wako au mahindi yako, yafaa ukijue vema kipimo unachotumia. Mavuno ya mwaka mzima huweza kupungua mahali pa kupimia, na mwenye mali asione.

Zamani, misafara ilipopita Tabora kwenda Ujiji na kurudi pwani, posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Lakini kibaba kilipimwa kwa namna mbili: cha mfuto, yaani kilichosawazishwa ukingoni, na cha tele, yaani chenye kilima juu. Jina moja, nafaka mbalimbali.

Baadaye likaja debe la mafuta ya taa. Debe hilo huchukua galoni 4 za Kiingereza. Galoni moja ni lita 4.546, basi debe moja ni lita 18.18. Kugeuza madebe kuwa lita, zidisha kwa 18.18. Kugeuza lita kuwa madebe, gawanya kwa 18.18.

Sasa angalia hesabu hii. Ndoo ya lita 20 nayo watu wengi huiita debe. Ndoo 10 ni lita 200. Gawanya kwa 18.18, utapata madebe 11. Basi auzaye ndoo 10 kwa bei ya madebe 10 ametoa debe zima bure, hata kama hakuweka kilima.

Ili usipate hasara, fanya hivi:

1. Chukua chupa ya lita moja. Ijaze maji, uyamimine katika chombo, ukihesabu chupa mpaka kijae.
2. Iandike hesabu hiyo ubavuni mwa chombo.
3. Tazama kitako. Kikibonyea ndani, chombo hupunguza; kikivimba nje, huzidisha.
4. Patana kwanza na mnunuzi kwamba kipimo ni cha mfuto, kisha futa juu kwa kijiti kilichonyoka.

Tena, usichanganye ujazo na uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita ya mahindi haifiki kilo, na ya mpunga hupungua zaidi. Kwa hiyo bei ikiwa ni ya kilo, nafaka sharti ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa debe.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza.