Somo la Shamba: Msichome Matawi Yakawa Jivu



Kila mwaka tukishapogoa kahawa, pande za Tetu, Othaya na Mathira moshi hupanda kila mahali. Matawi yanachomwa, tunabaki na jivu, na mvua ya kwanza inalipeleka mtoni. Matawi hayo hayo yanaweza kuwa bayocha, yaani makaa ya kutia udongoni.

Udongo wetu mwekundu ni mzuri, lakini una tindikali, na DAP ya miaka mingi imeiongeza. Bayocha huipunguza polepole. Tena ina vitundu vidogo sana vinavyoshika maji na chakula cha mmea. Wala haiozi upesi: kule Amazon wenyeji walitia makaa mashambani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na udongo ungali mweusi wenye rutuba. Jirani zetu wa Mwea wana maganda ya mpunga; sisi tuna matawi ya kahawa na magunzi. Mti usikatwe kwa kazi hii.

Chimbeni shimo la mfano wa bakuli, upana mita moja, kina cha kufika magotini. Matawi yawe makavu. Washeni rundo dogo kutoka juu, si chini, ili moshi uwe kidogo. Mkiona jivu jeupe linaanza, ongezeni tabaka lingine; mkichelewa mtapata jivu tu. Shimo likijaa, mwageni maji mengi huku mkikoroga. Msiyatie kwenye gunia siku hiyo, kwa maana moto hujificha ndani na unaweza kuchoma ghala.

Sasa, hapa ndipo sisi tulipokosea. Kwa haraka zetu tulitia makaa matupu kwenye kabichi. Zikawa manjano, na kina mama wakatuuliza ni nani aliyetutuma kuharibu shamba. Kumbe makaa makavu hujinyonyea chakula kwanza! Siku hizi tunayaponda, tunachanganya debe moja na madebe mawili ya mbolea ya boma, tunaongeza mkojo wa ng'ombe ukipatikana, tunafunika karibu mwezi mmodi ndipo tunatia kwenye mashimo ya kupandia.

Mwenye wasiwasi apande mistari miwili ya sukuma, mmoja na bayocha, mwingine bila, ajionee. Lakini walio juu karibu na msitu wasiitie kwenye majani chai. Chai hupenda tindikali.