SOMO: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Somo la toleo hili linahusu sharika na vikundi vinavyoendesha viwanda vidogo, hasa mashine za kukamua mafuta ya alizeti. Tatizo tunalokutana nalo mara kwa mara ni hili: mafuta yanapungua, kamati inakaa, na kabla kikao hakijafungwa mwendesha mashine ameshaitwa mwizi. Pengine ni kweli. Pengine mashine imechakaa, na ndugu yetu anaondolewa kazini bila kosa. Takwimu chache zikitunzwa vizuri zinaweza kutusaidia kutofautisha mambo hayo mawili.

1. Tuandike nini?

Kila siku ya kazi yaandikwe mambo matano:

(a) Kilo za alizeti zilizoingia kwenye mashine, baada ya kupepetwa.
(b) Lita za mafuta yaliyopatikana, baada ya kuchujwa.
(c) Kilo za mashudu.
(d) Saa ambazo mashine ilisimama, na sababu yake: umeme, ubovu, au kukosa alizeti.
(e) Aina ya mbegu, na kama ilikuwa kavu au yenye unyevu.

Vikundi vingi huandika mafuta tu, kwa sababu ndiyo yanayouzwa. Mashudu hurundikwa nje bila kupimwa. Wengine huhesabu magunia, lakini gunia la lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja. Tutumie mzani, na mzani wenyewe ukaguliwe.

2. Tuyasomeje yaliyoandikwa?

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kilo 100 za alizeti zimetoa lita 27. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kilo 0.92 hivi, kwa hiyo lita 27 ni karibu kilo 25. Mashudu ni kilo 72. Jumla ni kilo 97. Kilo 3 zilizobaki ni mashapo, vumbi na mvuke.

Mwezi unaofuata, kilo 100 zinatoa lita 23 tu, yaani karibu kilo 21. Kilo 4 za mafuta zimekwenda wapi? Tuangalie mashudu.

Kama mashudu yamepanda hadi kilo 76, jumla bado ni 97. Mafuta hayakuibwa, yamebaki ndani ya mashudu. Aitwe fundi aangalie kama vyuma vya kukamulia vimelika au mashine haikukazwa sawasawa.

Kama mashudu bado ni kilo 72, jumla imeshuka hadi 93. Kuna kitu kimepotea njiani. Tukague mzani, dumu linalovuja na mafuta yanayomwagika wakati wa kuchuja, ndipo tuulize habari za mkono wa mtu.

Lakini tuwe waangalifu. Alizeti yenye unyevu hupoteza uzito mwingi zaidi kwa mvuke. Tena, mbegu za aina mbalimbali hazina mafuta sawa. Tulinganishe Record na Record, chotara na chotara.

3. Tusihukumu kwa siku moja

Viwanda vikubwa navyo vilipaswa kujifunza jambo hili. Mwaka 1924, Walter Shewhart, mtaalamu wa kampuni ya Western Electric ya Marekani, alibuni chati ya kufuatilia ubora wa kazi ya kiwandani. Alionyesha kwamba kila kazi ina kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, na kwamba ni kosa kumsaka mkosaji kila tarakimu inapotikisika.

Nasi tunaweza kuchora chati ya namna hiyo kwenye karatasi ya miraba. Tuweke nukta moja kila siku kwa lita zilizotoka katika kila kilo 100, kisha tuchore mstari wa wastani. Nukta zikipanda na kushuka kuuzunguka mstari, kazi iko katika hali yake ya kawaida. Nukta 8 zikifuatana upande mmoja wa mstari, kuna jambo limebadilika, na kamati ichunguze siku lilipoanzia. Wenye kompyuta wanaweza kuitumia, lakini kompyuta haiwezi kusema lolote kuhusu mashudu ambayo hayakupimwa.

4. Faida kwa wote

Mkulima hupata mafuta yanayolingana na jasho lake. Mfanyakazi mwaminifu hupata ushahidi wa kumtetea, na asiye mwaminifu hukosa pa kujificha. Mfadhili naye hapewi tu picha ya mashine mpya; anaona kazi inayofanywa na mashine hiyo. Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Tuendelee kuhesabu hata baada ya mnara kusimama.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kati ya mambo matano hapo juu, ni yapi hatuyaandiki?
2. Nani anapima, na nani mwingine anashuhudia na kutia sahihi?
3. Je, tumewahi kumshuku mtu kabla ya kupima mashudu? Tufanye nini sasa kwa ajili yake?