Chakula cha Asubuhi cha Watoto Wadogo: Somo kwa Wazazi wa Oltepesi na Kwingineko

Oltepesi ni mahali pakavu katika Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya. Jina lake ni jina la Kimaasai la mti mmoja wa jamii ya mgunga, ambao kivuli chake hupendwa na watu na maganda yake huliwa na mbuzi. Katika maboma ya nchi hii kazi ya kwanza ya asubuhi ni kukama. Zamani maziwa yalitiwa katika kibuyu, na kutoka kibuyuni mtoto alipewa sehemu yake. Siku hizi mara nyingi mtungi wa mchuuzi hutangulia. Maziwa huchukuliwa mapema kwenda kuuzwa mjini, na mtoto huachiwa kikombe cha chai ya sukari, au uji mweupe wa mahindi usiokuwa na kitu kingine ndani yake.

Hapana ubaya katika kuuza maziwa, maana fedha zake hulipa karo, dawa na unga. Lakini yafaa kila mzazi ajiulize swali moja kabla mchuuzi hajaondoka: je, mtoto amebakiziwa nini? Somo hili ni la kumsaidia kulijibu.

KWA NINI CHAKULA CHA ASUBUHI NI KITU KIKUBWA

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtu mzima aweza kula mara mbili kwa siku akatosheka, bali mtoto hawezi, kwa sababu hawezi kula kingi kwa mara moja, na huku mwili wake unajengwa kila siku. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, kisha aanze kupewa chakula kingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi sita hadi minane hulishwa mara mbili au tatu kwa siku. Akifika miezi tisa hulishwa mara tatu au nne, na vitafunio kidogo katikati. Usiku mzima amelala bila kula. Basi chakula cha asubuhi kikiwa duni, siku yake yote huanza na deni, na deni hilo ni gumu kulipa.

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilipungua kile kilichostahili umri wao. Mwaka 2014 hesabu hiyo ilikuwa 26. Maendeleo yapo, lakini wale 18 bado ni wengi. Mtoto aliyedumaa katika miaka yake miwili ya kwanza ni vigumu kurudishiwa alichokosa, hata akija kupata chakula chema baadaye. Wahenga walisema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MAMBO MAWILI YA KUKUMBUKA

Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na J. L. Gilks, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya chakula cha Wamaasai na cha Wakikuyu. Wakati ule chakula kikubwa cha Wamaasai kilikuwa maziwa, nyama na damu, na cha Wakikuyu kilikuwa nafaka, viazi na kunde. Waliwakuta wanaume wa Kimaasai ni warefu na wazito zaidi. Hakika kimo cha mtu hakitoki katika chakula peke yake, na wataalamu wa baadaye wameonya juu ya jambo hilo. Hata hivyo uchunguzi ule uliwafanya watu wengi kufikiri juu ya chakula na afya. Boyd Orr mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1949.

Jambo la pili latoka Ghana, iliyokuwa ikiitwa Gold Coast. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliona watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi. Wengi wao walikuwa wameachishwa kunyonya, wakawa wanalishwa mahindi karibu matupu. Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1935 akautaja kwa jina walilolitumia wenyeji wa lugha ya Kiga. Jina hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili kuwa kwashakoo. Kwa wenyeji ulikuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Tazama basi hekima ya jina hilo: watu walikwisha kujua kwamba hatari humjia mtoto pale anapoacha maziwa bila kupewa badala yake.

MAKUNDI YA CHAKULA

Chakula chema si lazima kiwe cha ghali, ila kisiwe cha namna moja. Wataalamu huhesabu makundi manane kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, nao hutaka apate angalau matano kila siku:

1. Maziwa ya mama.
2. Nafaka na mizizi: wimbi, mtama, mahindi, mchele, viazi.
3. Maharagwe, kunde, ndengu, karanga na ufuta.
4. Maziwa ya mnyama, na maziwa ya mala.
5. Nyama, ini, kuku na samaki.
6. Mayai.
7. Matunda na mboga za rangi ya manjano au za kijani kibichi sana: boga, papai, karoti, mchicha, sukuma wiki.
8. Matunda na mboga nyinginezo, kama ndizi na parachichi.

Mtoto anayenyonya, akapewa asubuhi uji wa wimbi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa, pamoja na kipande cha papai, amekwisha kupata makundi matano kabla ya jua kuwa kali. Lakini mtoto aliyepewa uji mweupe na chai amepata kundi moja tu, au mawili ikiwa chai ina maziwa ya kutosha.

Sababu ya kuchanganya ni hii. Mahindi hutia nguvu, lakini protini yake ina upungufu, na maharagwe yana kile kinachopungua katika mahindi. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Maziwa ya mbuzi nayo ni mazuri, ila hayana vitamini moja ya kutosha, iitwayo foliki, ambayo husaidia kutengeneza damu. Basi mtoto anayekunywa maziwa ya mbuzi apewe pia mboga za majani na maharagwe.

MPANGO WA JUMA MOJA

Mpango huu wamfaa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Aliye mdogo zaidi apondewe chakula chake mpaka kiwe laini.

Jumatatu: Uji wa wimbi wenye maziwa, na ndizi mbivu.

Jumanne: Maharagwe yaliyobaki usiku, yachemshwe tena vizuri na kupondwa, pamoja na kipande cha chapati, na papai.

Jumatano: Kiazi kitamu kilichochemshwa, na yai lililoiva kabisa.

Alhamisi: Uji wa mahindi na mtama uliotiwa karanga zilizosagwa, na kikombe cha maziwa.

Ijumaa: Boga lililopondwa pamoja na maziwa, na kipande cha chapati.

Jumamosi: Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ipondwe na kutiwa mchicha kidogo.

Jumapili: Wali na ndengu. Au ikiwa mbuzi amechinjwa, ini lililopikwa na kukatwakatwa vipande vidogo sana, maana ini lina madini ya chuma kwa wingi.

Mtu asione kwamba mpango huu ni sheria. Asiye na wimbi na atumie mtama, na asiye na papai na atumie boga. Neno kubwa ni kwamba leo isifanane na jana.

JINSI YA KUPIKA UJI WENYE NGUVU

Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo wala haujengi mwili. Chukua unga, uukoroge katika maji baridi usiwe na madonge, kisha umimine katika maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka uive. Tia maziwa na uache yachemke pamoja na uji. Mwisho tia kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini. Uchote kwa kijiko na kukiinamisha: ukitiririka mara moja, ni mwepesi mno. Uji mzuri hushika kijikoni na kuanguka polepole. Mtoto anayeanza kula hupewa vijiko viwili au vitatu, na kuongezewa mpaka afike nusu kikombe cha robo lita. Akipita mwaka mmoja apewe robo tatu ya kikombe hicho, hata kikombe kizima.

MAONYO

Kwanza, chai si chakula cha mtoto mdogo. Ina kitu kinachozuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na mtoto akikosa chuma hupungukiwa damu. Sukari nayo humwondolea hamu ya kula.

Pili, maziwa yachemshwe. Ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumwingia mtu kwa maziwa mabichi. Hata wanaopenda maziwa ya kibuyu, yale Wamaasai wayaitayo kule naaoto, wawapikie watoto maziwa kwanza, yakipoa ndipo wayagandishe katika chombo safi.

Tatu, mahindi yenye ukungu yasisagwe. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yakaushwe sana kabla ya kuwekwa ghalani, na yawekwe juu ya mbao, si juu ya udongo.

Nne, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, ingawa ni asali safi ya nyuki wa nyumbani. Na mtoto mdogo asipewe karanga nzima, maana zaweza kumkaba koo.

Tano, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Chakula kilichopikwa kisiachwe kikae kwa zaidi ya saa mbili katika joto, kisha apewe mtoto.

MAZIWA YA KUUZA NA MAZIWA YA KUBAKI

Sasa turudi katika lile swali la mchuuzi. Tuseme mama amekama lita tatu asubuhi, na ana watoto wawili wadogo. Akitenga kikombe kimoja cha robo lita kwa kila mmoja, nusu lita imebaki nyumbani, na lita mbili na nusu zaenda sokoni. Hasara ya fedha ni ndogo, na faida yake huonekana katika mwili wa mtoto. Tena baba akienda soko la Kiserian au la Kitengela na fedha za maziwa, akumbuke kwamba gharama ya sukari na majani ya chai ya juma zima ingeweza kwenda katika maharagwe na mayai.

Wako pia wasio na cha kukama. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua zilishindwa kwa misimu mitano mfululizo, na katika Kajiado jamaa nyingi zilipotewa na ng'ombe wao. Kwa jamaa kama hizo shauri si kungoja mpaka kundi lirudi. Kuku watatu au wanne huweza kukaa bomani na kutaga. Mbuzi wawili hustahimili ukame kuliko ng'ombe. Kunde hukua kwa mvua chache, na majani yake ni mboga. Hivyo vyote ni vidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Katika baadhi ya sehemu za Afrika ya Mashariki wazee walikuwa wakikataza watoto wasile mayai. Nyanya wengi wameona kwa macho yao wajukuu waliokula mayai wakakua vizuri, nao sasa ndio wa kwanza kuwatengea. Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, mama na baba na watazame jikoni na kuulizana: kesho asubuhi mtoto atakula nini, na kitu kipi cha pili kitaongezwa juu ya uji wake? Wakilijibu swali hilo kila siku, somo hili limetimiza kazi yake.