Kikapu Kiandikwe Kikapu: Somo Kuhusu Namba za Forodha



Vikundi kadhaa vya akina mama katika sharika zetu siku hizi huuza vikapu kwa njia ya intaneti, na wanunuzi walio wengi wako Ujerumani na Marekani. Robo hii tumeona tujifunze jambo ambalo limetuletea hasara, yaani jinsi ya kutaja bidhaa kwenye fomu ya forodha ya posta.

Kikundi kimoja kiliandika "zawadi" juu ya mzigo wa vikapu vilivyokwisha kulipiwa. Hawakuwa na nia mbaya. Waliambiwa ndivyo watu wafanyavyo. Mzigo ulizuiliwa, mteja akatakiwa kuonyesha risiti, akachoka, na fedha ikabidi zirudishwe. Tunakiri kwamba sisi ofisini tulikuwa hatujawafundisha.

Karibu nchi zote, Tanzania ikiwemo, hupanga bidhaa kwa Mfumo Uliowianishwa wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile kila mahali. Baada ya hapo kila nchi au jumuiya huongeza zake na kupanga kiwango chake cha ushuru. Kwa hiyo namba hizo sita tunaweza kuziandika hapahapa, ila kiwango kiangaliwe kule mzigo uendako.

Hakuna namba ya "kazi za mikono". Forodha inauliza: kitu hiki ni nini, na kimetengenezwa kwa kitu gani? Ukindu uleule ukisukwa mkeka unaingia 4601. Ukisukwa kikapu ni 4602, na kwa tarakimu sita 4602.19. Kikapu kikiwekewa vishikio vya ngozi bado ni kikapu, maana usukaji ndio unaokifanya kiwe hivyo kilivyo. Lakini mkoba wa kitenge unahamia 4202, kijiko cha mti 4419, na kinyago cha mapambo 4420. Mzigo wenye vikapu vitatu na mikoba miwili huandikwa mistari miwili, kila mmoja na uzito na thamani yake. (Thamani ni bei aliyolipa mteja, siyo bei ya gulioni kwetu.)

Zamani makosa mengi yalipita. Lakini mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi yuro 22, na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Hata kikapu kimoja kinaweza kudaiwa. Wapo watakaouliza kwa nini tusichague namba yenye ushuru mdogo. Huo ni uongo wa maandishi, tena deni lake humwangukia mteja aliyetuamini.

Kamati zenye vikundi vinavyouza nje tunaziomba zilete ofisini sampuli moja ya kila bidhaa kabla ya kutuma mzigo mwingine. Vikapu vilivyochanganywa ukindu na nyuzi za plastiki vije kwanza, maana hivyo ni lazima tuvikague kimoja kimoja.